Ombi la Kupunguza Mbio za Albamu Yenu ya Kumi na Moja

Mushaki, Masisi

Kwa Papa Jean-Marie,
Kiongozi wa bendi ya Claviers Bleus, Goma

Papa Jean-Marie mheshimiwa,

Nakusalimu kwa adabu zote za mkulima wa maharagwe aliyezicheza nyimbo zenu za sintetiza, kile kinanda cha umeme, tangu ujana wake. Hapa kilimani naitwa Papa Danseur, yaani baba mcheza dansi. Jina hilo nilijipa mwenyewe, lakini watu wamelizoea.

Jumamosi ijayo mimi na mke wangu Dancille tunatimiza miaka ishirini na tano ya ndoa. Baada ya misa ya jubilé, wenye ndoa ndio hufungua dansi, wawili peke yao, parokia nzima ikitazama. Nilishatangaza kwamba tutafungua kwa albamu yenu mpya. Juzi nikaisikiliza kwenye simu ya binti yetu Uwingabire. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mna haraka. Wanaume waliopita miaka sitini, mnakimbizwa na nani? Kaseti yenu ya kwanza ilikwenda kwa heshima. Naijua vizuri, naipiga kila Jumapili kwa redio yangu ya betri, hizi tuziitazo pile, na pile zikichoka Dancille huzianika juani kama tufanyavyo sote, zikarudi kazini.

2. Mwimbaji wenu alikuwa na sauti nzito ya mtu aliyeshiba ugali. Sasa anaimba kama kijana wa korali anayetafuta mchumba. Kama mlimfukuza yule wa zamani, mlimkosea. Kama ni yeye yule, mpelekeni kwa daktari.

3. Jumanne nilifanya mazoezi uani. Nyie mlipofika wimbo wa pili, kiuno changu kilikuwa bado kwenye wa kwanza. Nilianguka juu ya maharagwe tuliyoanika. Katekista Yves, aliyekuja kupanga mambo ya misa, aliniinua huku akiuliza kama amwite Padri aje na mafuta matakatifu.

4. Kwa kuwa parokia nzima itacheka, na kwa kuwa mtu aliyechekwa kwenye jubilé ya miaka ishirini na tano hana uso wa kufikia ya hamsini, albamu yenu inataka kuivunja ndoa yangu. Hapa sitanii, Papa. Naogopa kumwacha Dancille amesimama peke yake katikati ya watu.

Basi naomba mkusanye nakala zote na mrekodi upya, polepole. Kama muda hautoshi, mmoja wenu aje Jumamosi acheze na mke wangu badala yangu. Avae viatu vyeusi.

Nisalimie wapiga kinanda wote, wake zenu na watoto, pamoja na fundi wa sauti, ingawa ndiye ninayemshuku.

Wako katika muziki na maumivu ya goti,
Habumugisha Valens

N.B. Nikiwa natafuta bahasha, Uwingabire ametia pile mpya kwenye redio na kuipiga ile kaseti ya kwanza. Imekimbia sawasawa na albamu. Mwimbaji naye ni kijana wa korali. Nilipomgeukia Dancille, alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaniambia: "Papa Uwingabire, ni miye njo nilikuwa natia pile za kuchoka, kaseti iende polepole, tangu mwezi ya kwanza ya ndoa. Ile muziki iko mbio, na miguu yako iko nzito. Nilitaka tufike pamoja."

Kwa hiyo msikusanye nakala yoyote. Jumamosi tunafungua kwa kaseti. Pile ameshazichagua yeye.