Ngazi ya Fundi Rangi

Jumanne, 4 Machi

Antena imekaa sawa. Mpira unaonekana mpaka jasho la kipa! Nimepanda juu ya paa mwenyewe, kwa ngazi ya jirani yetu, Fundi Rangi. Sikumwomba. Hakuwepo, na mtu wa heshima zake hasubirishwi mlangoni. Nimeilaza nyuma ya banda la kuku la shemeji. Nitairudisha nikipata nafasi.

Ijumaa, 7 Machi

Nafasi haikupatikana. Fundi Rangi kaenda kulalamika kituoni. Wakaja askari wawili, wakazunguka ua, wakaikuta ngazi. Wakauliza banda la nani. Shemeji, mshona viatu, mtu asiyejua hata kudanganya umri wake, akajibu ni lake. Wakamchukua! Mimi nilikuwa chooni. Nilikaa humo mpaka mlio wa gari ulipoisha.

Ningesema ukweli, lakini dada alikuwa analia. Si vizuri kumwongezea mtu mawazo. Nikamwambia atulie, sheria naijua nje ndani. Niliwahi kupaka chokaa mahakama wiki tatu, na hakimu alikuwa akinichungulia dirishani kuomba ushauri. Nikamfafanulia: kwanza malalamiko, halafu upelelezi, kukamatwa, maelezo, mashtaka, kesi, hukumu. Sasa tuko hatua ya nne, tunakwenda vizuri. Dada akanitazama kama anayetafuta kitu cha kunirushia.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda kumdhamini shemeji. Wanataka mdhamini mwenye kitambulisho na kazi inayojulikana. Kwenye kazi nikasema mimi mshauri. Askari wa kaunta akauliza mshauri wa nini. Nikamjibu, wa mambo. Akanisihi, mzee wangu, nenda kamlete mwenye akili nyumbani kwenu. Dada akaja na barua ya shule anayofundisha. Dakika kumi tu, shemeji nje! Nilikuwa nimeshamlainishia njia.

Shemeji kakonda kwa siku moja. Akaniuliza, akifungwa, watoto watamwita nani baba? Nusura niseme. Badala yake nikamwahidi kuwa nitamtolea ushahidi.

Jumatatu, 10 Machi

Leo kasomewa mashtaka ya wizi. Nilikuwa nimemfundisha ajibu kwa hotuba ndefu. Akasema neno moja tu: si kweli. Kapoteza bahati ya bure! Kesi kusikilizwa keshokutwa.

Jumatano, 12 Machi

Nimevaa suti ya harusi yangu, vifungo vyote isipokuwa vitatu. Nikakaa kiti cha mbele. Karani akanitoa! Eti shahidi husubiri nje, asisikie wenzake wanasema nini. Saa mbili nzima kwenye benchi la ukumbini. Nikawashauri watu wanne kuhusu kesi zao. Wawili wakahama benchi.

Nikaitwa, nikaapa. Mwendesha mashtaka ni binti tu, ningeweza kumzaa. Akasema ngazi ile ni ya chuma, mita sita, hubebwa na watu wawili. Mshtakiwa alisaidiwa na nani? Nikasema hakusaidiwa na mtu. Akatabasamu. Akasema hata mimi, kwa umri huu, nisingeweza kuinua ncha yake. Mahakama nzima ikacheka.

Kunicheka mimi!

Nikamwambia, binti yangu, ngazi ile niliibeba peke yangu, bega moja, toka kwa Fundi mpaka kwetu, tena nikipiga mluzi.

Hakimu akaandika, akaandika. Nikamwomba asisahau kuandika na ule mluzi.

Shemeji kaachiwa huru. Mimi nimekamatwa mlangoni, suti na vyote.

Ijumaa, 14 Machi

Naandikia rumande. Dada kakataa kunidhamini. Kaniletea daftari hili na kipande cha sabuni, akasema nyumbani kumetulia ajabu.

Asubuhi nilisomewa mashtaka. Kumbe tangu juzi shemeji alikuwa anambembeleza Fundi Rangi, mpaka kamwahidi kumshonea viatu vya kazi. Mtu mwema mno, yule. Fundi akasimama, akasema amenisamehe, angependa kuondoa malalamiko. Mwendesha mashtaka akasema hana pingamizi. Ila, akaongeza huku akikusanya karatasi zake, yeye binafsi haamini kama mzee huyu aliibeba peke yake.

Hakimu akauliza kama nina neno. Shemeji akaweka kidole mdomoni. Dada akanikunjia ngumi.

Nikasimama, nikaukataa msamaha. Nikaomba kesi iendelee mpaka mwisho.

Itasikilizwa Jumatatu. Ninajitetea mwenyewe. Nimeomba ngazi iletwe kama kielelezo, na ua wa mahakama uachwe wazi, maana nitapita nayo mara mbili.