Siri ya Roboti kwa Bei ya Suti

Asali alipoingia kwa kinyozi, nusu ya kichwa cha mteja ilikuwa imeshanyolewa na nusu nyingine ilikuwa inasubiri haki. Kinyozi alikuwa ameweka mashine chini ili abishane vizuri. Ubishi ulihusu *Ngozi na Nyaya*, tamthilia ya chombo kinachosafiri angani, ambamo mmoja wa wasafiri ni roboti anayefanana na binadamu mpaka kwenye chunusi. Ni yupi? Kinyozi aliapa ni Daktari, kwa kuwa hajawahi kuonekana akipiga chafya. Mteja alikataa, na kichwa chake kikaendelea kuteseka kwa msimamo huo.

Asali, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya mdomo wake, hakuwa ameitazama tamthilia hiyo hata dakika moja. Lakini Jumamosi alikuwa anakwenda kujitambulisha kwa baba wa mchumba wake, mzee asiyemwamini mwanamume asiyevaa suti, na suruali zote za Asali zilikuwa zimekata tamaa magotini. Akajikohoza. Akaeleza kwa unyonge kwamba binamu yake ndiye anayewapaka waigizaji rangi usoni, na kwamba yeye mwenyewe ameiona sehemu ya mwisho, ila amekula kiapo.

"Ni Daktari, sivyo?" kinyozi akanong'ona.

Asali aliinamisha kichwa kama mtu aliyefiwa. "Kaka, mimi sijasema kitu. Wewe ndiye uliyesema."

Kwa maneno hayo akanyolewa bure, nywele na ndevu, kwa sharti kwamba kinyozi asimwambie mtu. Fundi viatu, aliyemshuku Mpishi kwa kuwa haonji anachopika, naye alihakikishiwa kwamba hajaambiwa kitu, akatoa jozi nyeusi inayong'aa. Fundi cherehani alikuwa upande wa Nahodha, na ushahidi wake wa chaki ulijaa meza nzima ya kukatia nguo. Aliahidi suti ya kijivu. Hivyo ndivyo elimu inavyoenea mjini: kila mmoja alinunua kile alichokuwa nacho tayari, akaridhika sana.

Kosa la Asali lilikuwa kuwaapisha wapenzi wa tamthilia wanyamaze, jambo ambalo halijawahi kufanikiwa popote. Jumamosi asubuhi, akiwa dukani kwa fundi cherehani, mbele ya kioo ndani ya suti, waliingia kinyozi na fundi viatu, kila mmoja amekuja kumcheka fundi cherehani. Wakalinganisha siri zao. Fundi viatu alikuwa amekuja na nyundo yake, na sasa akaishika vizuri zaidi. Mlango ulikuwa nyuma yao.

Aliyesema kwanza ni mke wa fundi cherehani, aliyekuwa pembeni akishona vifungo. Tamthilia hiyo yeye aliijua kama kelele za sebuleni.

"Jamani, mtu mzima atatoaje majibu matatu kwa swali moja?" aliuliza bila kuinua macho. "Au kuna waya umeungua humo ndani?"

Wanaume walitazamana, na nuru ya maarifa ikawaingia polepole. Nani aliwahi kumwona Asali akila? Kinyozi alikumbuka kwamba wakati wa kunyolewa hakupepesa macho. Fundi viatu alisema miguu yake inalingana kabisa, na miguu ya binadamu hailingani. Asali aliitazama nyundo, akautazama mlango, akaona afadhali awe bati kuliko awe marehemu.

"Nimegunduliwa," alisema kwa sauti kavu, shingo ikiwa imekakamaa. Akaomba aruhusiwe kurudi chomboni kwake, na suti.

"Hapana, shemeji," mke wa fundi alisema. "Roboti hana mahali pa kwenda. Na dirisha letu halina sanamu."

Wakamsimamisha dirishani. Fundi viatu akaketi mlangoni na nyundo, kulinda mali ya sayansi. Watu walijaa, na mke wa fundi akapokea oda za suti mpaka mkono ukamuuma.

Mchana alifika mzee mmoja na binti yake, wakitafuta tai ya kumpokelea mgeni. Mzee alimzunguka Asali kwa heshima.

"Ona alivyotulia," alisema. "Hana maneno mengi. Mwanamume wa namna hii ningempa binti yangu leo leo."

Binti alisogea mpaka pumzi yake ikamgusa Asali kidevuni. Akamtazama machoni, kwa muda mrefu.

"Hapana, baba," alisema. "Huyu namjua. Ndani ni mtupu."

Walipotoka, chozi lilimteremka Asali shavuni.

"Anavuja," kinyozi alisema, na sauti yake ikatetemeka kwa furaha. Fundi viatu akasema ni mafuta. Fundi cherehani akasema ni maji ya kupoza injini, Nahodha naye anayo. Mke wa fundi akaingia dirishani na kitambaa, akaifuta kola haraka, maana suti ilikuwa imeshapata mnunuzi.