Msabaha bin Ussi Atwaa Chumba Kimoja Lisbon

Sogeeni, enyi wanunuzi wa suruali na wafunga marobota, enyi mliopanda na kushuka ngazi za Guangzhou mkiwa na mzigo begani, niazimeni masikio niwasimulie jinsi Msabaha bin Ussi, simba wa soko la nguo za jumla la Shisanhang, ambaye akitamka tu "tai gui", yaani ghali mno, wenye maduka hukimbilia vikokotoo vyao, alivyokodi chumba cha hoteli. Kwa siku tatu.

Mji ulikuwa Lisbon, makao makuu ya Wareno, wale wale waliofika pwani yetu zamani bila kualikwa. Mwanahija, mkewe, ndiye aliyeuchagua, na hoteli akamwachia bwana kwa sharti moja. Walikuwa wameketi mkahawani mtaa wa Dengfeng, Guangzhou, baada ya sala ya alasiri, nami nipo meza ya pili nikisikiliza kama ilivyo desturi yangu, aliponena:

"Baba Shifa, fungate letu nililala hapa jirani, Xiaobei, na marobota saba ya jinzi. Dubai nikalala na viatu, Istanbul na mapazia. Miaka kumi na moja sijaona dirisha lisilozibwa na mzigo. Safari hii ukinipeleka tena kwenye mzigo, nenda na huo mzigo wako, mimi n'nabaki."

Alisema kwa upole, na ndiyo maana shujaa alitoa simu mfukoni papo hapo.

Basi akaingia vitani, kidole gumba mbele. Hoteli ya kwanza ilikuwa na lifti ya mizigo na soko la jumla mlango wa pili, nami niliyaona macho yake yakilegea kwa mapenzi. Ya pili ilikuwa kilimani, ngazi sabini na mbili, hakuna soko wala ghala, ila kibaraza chenye viti viwili kinachotazama mto. Akaitupia ile lifti jicho la mwisho, kama mtu anayemuaga nduguye uwanja wa ndege, kisha akachagua kilima.

Hapo ndipo adui mkuu alipozuka, naye alikuwa mkono wake mwenyewe. Penye idadi ya vyumba, mkono ule uliokulia Shisanhang, ambako hakuna anayekuuzia shati moja, uliandika kumi na mbili. Dazeni kamili. Msabaha akatangaza kwa fahari kwamba atawapigia simu wampunguzie, maana anachukua jumla.

Mwanahija akaweka kikombe chini. "Na hivyo vyengine kumi na moja analala nani?"

Mkahawa mzima ukageuka. Hata Abednego, muuza simu asiyenyamaza kwa lolote, aliacha kutafuna. Msabaha akaitazama simu, akamtazama mkewe, akaelewa.

"Halali mtu," akasema, kwa sauti ya jemadari anayesalimisha upanga. "Ni mimi na wewe tu."

Kisha akakivamia kile kialama cha kupunguza: kumi na moja, kumi, tisa, jasho likimtiririka chini ya kofia, mapigo kumi na moja ya kidole, hadi kikabaki kimoja, cha rejareja, bei kamili. Akalipa bila kuomba punguzo. Mwanahija akaichukua simu, akavitazama vile viti viwili, akacheka hadi akajifuta machozi kwa mtandio.

Naapa nililia na mimi. Andikeni basi, enyi waandishi wa tarehe: Wareno walikuja kwetu bila kuweka nafasi. Msabaha ameweka, na kifungua kinywa kimo.