Maoni Mia na Ishirini

Ubao wa matangazo wa halmashauri ulikuwa na kioo, kioo kilikuwa na vumbi, na nyuma ya vumbi kulikuwa na tangazo ambalo hakuna binadamu aliyekuwa amelisoma isipokuwa mmoja. Na huyo mmoja hakwenda kusoma. Alisimama pale kurekebisha kola yake kwenye kioo, jicho likateleza, likakuta maneno "maoni ya wananchi". Akaisahau kola.

Mtaa mzima walimwita Kifungu. Aliwahi kubeba mafaili kwa wakili mmoja kwa miezi minne, akafukuzwa kwa sababu anazozisimulia kila mara kwa namna mpya, na tangu siku hiyo hakuzungumza jambo bila kulitafutia kifungu cha sheria. Ukimkanyaga mguu kwenye foleni, kuna kifungu. Ukimpunguzia sukari kwenye chai, kuna kifungu. Vyote alivitunga mwenyewe, na sitamficha msomaji, vingi vilikuwa vitamu kuliko vya serikali.

Tangazo lilikuwa na mchoro wa soko, na lilisema hivi. Soko litakarabatiwa na kupata lango kuu jipya. Pendekezo la Kwanza: lango lifunguliwe upande wa lami, mbele ya maduka ya yule mfanyabiashara aliyeitwa Tajiri wa Misumari, na kibanda cha washonaji kilichopo hapo kibomolewe. Pendekezo la Pili: lango lifunguliwe upande wa nyuma, penye ghala bovu lisilo na mwenyewe. Wananchi walete maoni kwa maandishi ndani ya siku kumi na nne.

Kibanda hicho kilikuwa na cherehani kumi na mbili, na moja ya hizo ilikuwa ya shangazi yake Kifungu. Shangazi ndiye aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, na mpaka leo Kifungu alilala chumba chake cha uani na kula chungu chake. Cherehani ile ikikosa pa kukaa, chungu nacho kingekosa cha kuchemsha. Kifungu alilifikiria jambo hilo kwa uzito mkubwa, kwa muda wote wa kuvuka barabara. Alipofika ng'ambo akawa ameshaamua kwamba Shangazi atapata mahali pengine, na akaingia dukani kwa Tajiri.

"Shikamoo, Tajiri."

"Marahaba. Kama ni mchango, nimeshatoa."

"Sijaja kuchukua, nimekuja kuleta. Umesikia habari za lango la soko?"

"Lango gani?"

"Aa! Mwenzangu unauza bawaba, na milango yenyewe inakupita!" Kifungu akavuta kigoda, akakaa bila kukaribishwa. "Soko linapata lango kuu. Ama hapa mbele yako, watu wote wapite wakikutazama, ama kule nyuma kwenye ghala la panya."

Tajiri aliacha kupanga makufuli. "Anayeamua nani?"

"Wananchi."

"Wananchi gani?"

"Hapo sasa!" Kifungu akapiga goti lake kwa furaha. "Yule mama afisa mipango hali rushwa, usijisumbue. Lakini maoni anayapokea, na kwa mujibu wa kifungu cha kumi na moja, wengi wape. Mimi nakuletea maoni mia na ishirini, yenye miandiko mbalimbali, kwa sababu yule mama ana macho. Mwandiko ukiwa mmoja tu, tumekwisha."

"Na wewe unataka nini?"

"Duka lako la kona."

Tajiri alicheka mpaka akashika meza. Kisha akatazama barabara, akajenga picha ya watu wa soko zima wakimiminika mbele ya mlango wake asubuhi na jioni, na kicheko kikamkauka. Ufunguo ukatoka mfukoni. Kifungu aliupokea kwa mikono miwili, maana malezi mema alikuwa nayo.

Sasa tatizo lilikuwa miandiko. Wapi utapata watu wengi wanaokaa pamoja, wanaojua kuandika vizuri, na wasio na habari na ubao wa matangazo? Naona aibu kukwambia, lakini nitakwambia. Jioni ile ile mtu huyu aliingia kibandani kwa washonaji na kreti la soda, bunda la karatasi na bahasha, na tabasamu la bwana harusi.

"Mama zangu, dada zangu, halmashauri inatengeneza soko! Wanataka tuwaunge mkono. Kila mmoja aandike karatasi kumi, aweke majina ya wateja wake. Maneno haya hapa, mnanakili tu."

Akabandika ukutani: *Mimi mkazi wa mtaa huu naunga mkono Pendekezo la Kwanza kwa maendeleo ya soko letu.*

Shangazi alikuwa anaweka uzi kwenye sindano. Hakuinua kichwa. "Pendekezo la Kwanza ndiyo nini, baba?"

"Maendeleo, Shangazi."

"Na sisi tuko wapi kwenye hayo maendeleo?"

"Nyinyi? Mbele kabisa."

Huo haukuwa uongo: wao ndio wangekuwa wa kwanza kubomolewa. Ukiwa na moyo mgumu kama wake unaweza kusema maneno kama hayo kwa mtu aliyekupigia pasi shati ulilovaa, na usikohoe hata kidogo.

"Haya," Shangazi akasema. "Leo tumebanwa na sare za shule. Tuachie. Siku ya mwisho uje uchukue."

Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa, na mapokezi ya maoni yalifungwa saa kumi. Kifungu, ambaye mchana huo alikuwa kwenye duka lake la kona akipima ukuta wa kutundika kalenda, alikuja mbio saa tisa na nusu. Alikuta bahasha mia na ishirini zimefungwa kwa gundi na kupangwa kwenye boksi. Hakufungua hata moja. Nani afungue bahasha za shangazi yake?

Afisa mipango alikuwa mama mwembamba wa miwani mizito. Kwa miaka tisa alikuwa ameomba maoni ya wananchi, na kwa miaka tisa alikuwa amepata mawili, moja la mtu aliyepotea njia. Alipoona boksi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Haya yote umeyakusanya wewe?"

"Kwa jasho langu, mama."

"Umesoma masharti nyuma ya fomu hii ya kuwasilisha?"

"Mimi na masharti ni ndugu wa damu."

Akasaini hapo hapo, kwa mkono wa madaha wenye mkia mrefu. Nyuma ya fomu palikuwa na kifungu cha tisa, cha kweli kabisa, chenye muhuri: mwenye kuwasilisha maoni ya watu wengi atasimama mbele ya kikao kuyathibitisha na kuyatetea. Katika maisha yake yote hicho ndicho kifungu pekee kilichomhusu, na hicho ndicho ambacho hakukisoma.

Kikao kilikuwa Jumatano asubuhi. Kwa kawaida ukumbi wa halmashauri huwa na mlinzi, viti, na mzee mmoja anayekuja kupumzika. Siku hiyo ulijaa hadi madirishani. Washonaji kumi na wawili walikaa mstari mmoja, vilemba vimefungwa vizuri. Tajiri alikaa mbele na suti ya msibani. Kifungu alikonyeza huku na huku, akadhani umati umekuja kwa ajili ya uzuri wa kazi yake.

Afisa akafungua bahasha ya kwanza, akasoma kwa sauti.

"'Mimi ni kinyozi. Nalipinga Pendekezo la Kwanza. Watu wakimaliza kupimwa nguo kwa washonaji ndipo wanakumbuka kunyolewa. Mkiwaondoa wale mama, na mimi mniondoe.'"

Kifungu akadhani amesikia vibaya. Afisa akafungua ya pili.

"'Mimi ni mwalimu wa chekechea. Sare za watoto wangu zinashonwa pale. Wakibomoa, niwavike nini, magazeti? Nataka Pendekezo la Pili.'"

Ya tatu ilikuwa ya fundi viatu. "'Panya wa lile ghala wamekula viatu vitatu vya wateja, tena vya mguu wa kulia vitupu. Lango lipite huko huko. Kama panya wana maoni, nao waandike.'"

Ukumbi ukaangua kicheko. Kifungu hakucheka, alikuwa anahesabu bahasha zilizobaki. Tajiri alisimama mpaka kiti kikaanguka.

"Hayo ni ya kughushi! Hao watu hawapo! Majina ya kubuni tu hayo!"

Afisa akamtazama juu ya miwani. "Wewe umejuaje?"

Kabla Tajiri hajajibu, nyuma ya ukumbi kinyozi alisimama, na mashine yake ya kunyolea mkononi. "Mimi nipo." Mwalimu akasimama. Fundi viatu akasimama. Wakafuata wengine mmoja mmoja, kila mtu akiidai karatasi aliyoiandika kwa mkono wake, mpaka waliokuwa wamekaa wakawa ndio wa kuhesabika. Tajiri aliokota kiti chake, akakaa.

"Mwasilishaji," afisa akaita. "Kwa kifungu cha tisa, simama uthibitishe maoni haya."

Kifungu akasimama. Akikana, atakuwa ameleta serikalini karatasi asizozijua, na mlinzi alikuwa mlangoni. Akikubali, kwaheri duka la kona. Akageuza shingo kumtafuta Shangazi. Shangazi alikuwa anamtazama moja kwa moja, utepe wake wa kupimia ukining'inia shingoni. Hakuwa na hasira. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na hapo ndipo Kifungu alipoona aibu ya kweli, ile inayochoma masikio.

"Nayathibitisha," akasema.

Na kwa kuwa mdomo wake haukuwahi kujua kusimama ukishaanza, aliyatetea. Aliwatetea washonaji kwa robo saa nzima. Alisema habari za mama anayelea mtoto asiye wake kwa pindo za suruali za watu. Alitaja vifungu vinane, na mpaka leo afisa anatafuta ni sheria gani hiyo. Kinyozi alilia. Pendekezo la Pili likapita, na mzee anayekuja kupumzika alipiga makofi akiwa amesimama.

"Swali la mwisho," afisa akasema, kalamu tayari. "Sheria inakataza kuuza maoni. Kwa kazi hii uliwatoza watu kiasi gani?"

Tajiri akatazama dari.

"Bure," Kifungu akasema. "Bure kabisa."

"Na mapendekezo mengine yakija?"

"Bure pia," akajibu Shangazi kutoka kwenye kiti chake, kabla mpwa hajapumua. Afisa akaandika.

Nje ya ukumbi Kifungu alimfuata Shangazi nyuma kama mbuzi. "Shangazi, ulijuaje?"

"Nilikwenda kwenye ubao. Nikafuta vumbi kwa kipande cha kitambaa, nikauweka utepe wangu juu ya ule mchoro, nikapima. Lango linapita juu ya cherehani yangu, nusu futi hapa, nusu futi kule. Tukawaambia wateja, kila aliyekuja kuchukua nguo akaandika lake." Akasimama. "Umeniumiza, baba. Kuliko siku yoyote umeniumiza."

"Nilidhani mtapata mahali pengine."

"Wapi?"

Safari hii hakutafuta kifungu. Akaomba msamaha, kwa maneno machache, na nadhani alimaanisha. Jioni alipopita duka la kona alikuta kufuli jipya.

Jumatatu Shangazi alitoa benchi nje ya kibanda, akaweka meza, karatasi na kalamu, akamkalisha mpwa wake hapo. Habari zilikuwa zimeenea. Kulikuwa na mama aliyetaka taa ya barabarani, watu wawili waliogombania mtaro, na mzee aliyetaka kupinga kitu chochote kile. Kifungu aliandika mpaka vidole vikamkakamaa, na hakuambulia hata soda.

Mchana alikuja mtu wa mwisho kwenye foleni, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi. Ilikuwa ni Tajiri wa Misumari. Ukarabati ungepitisha bomba la maji machafu mbele ya maduka yake, na alitaka kuandika pingamizi.

Kifungu aliinuka nusu, macho yakameta. Nyuma yake cherehani ya Shangazi ikanyamaza.

Tajiri alivuta benchi, akakaa bila kukaribishwa.

"Nasikia," akasema, "ni bure."