Onyo Lenye Kumbukumbu Namba

Jumatatu, 3 Machi
Wewe uliyefungua daftari hili, nakusihi: yaishie machoni pako. Usimwambie hata mtoto wa tumboni. Nafasi ya msimamizi wa masjala iko wazi. Waombaji wawili: mimi, na karani mwenzangu tunayemwita Tai kwa kuwa tai haimtoki shingoni. Mkataba wangu unakwisha Ijumaa. Nikiikosa nafasi hii, narudi kulala sebuleni kwa dada. Nimepata dawa! Nimemwandikia Tai barua ya onyo, bila jina, kwa mkono wa kushoto: akiomba nafasi, atakiona cha mtema kuni. Wino umemwagika kidogo. Lakini kazi safi. Nimeiweka chini ya kikombe chake.

Jumanne, 4 Machi
Maafa. Tai kaisoma kwa sauti, ofisi nzima inasikia, huku akifuta machozi ya kicheko. Kisha akanishika bega: mdogo wangu, mbona jasho linakutoka wewe, barua nimeandikiwa mimi? Bosi wetu, Bi Mkubwa, akaitaka. Akauliza ni mtishaji gani huyu anayeandika "YAH: ONYO", anayeweka kumbukumbu namba, na kumalizia kwa "Nakala: Jaladani".
Mkono niliubadilisha. Ukarani sikuubadilisha!
Na nakala niliipeleka kweli.

Jumatano, 5 Machi
Bi Mkubwa kanituma mimi, mimi!, nilete jalada la namba hiyo. Nikarudi mikono mitupu, nikasema limepotea. Akasema sawa, mwanangu, jalada likimpotea karani, na kazi imempotea. Nikakumbuka lilipo papo hapo. Ndani, nakala yangu: imetobolewa vizuri, imepangwa kwa tarehe, herufi za jina langu pembeni. Bi Mkubwa kasifu upangaji. Tai kasema hata jela watanipa masjala.

Ijumaa, 7 Machi
Nafasi kapewa Tai. Mimi nimeongezewa miezi mitatu, stoo, kwenye majalada yaliyoliwa na panya. Tai mwenyewe kaniombea. Eti bila mimi ofisi itakosa kicheko. Dada kasema nimshukuru. Nimshukuru! Haoni kwamba Tai ananiogopa? Onyo la pili liko tayari. Safari hii nahitaji mtu mwenye mwandiko usiojulikana hapa aninakilie. Kama ni wewe, njoo saa saba mchana, Tai akiwa amekwenda kula. Shuka ngazi, mlango wa pili kushoto. Jina langu usilitaje kamwe. Ukipotea, uliza karani wa barua isiyo na jina. Yeyote atakuonyesha.