Beberu wa Mtani na Kopo la Vidonge

Jumatatu, 5 Juni 1995
Vidole vimegoma tena. Nimeamka vimevimba na kukakamaa kama ugali uliolala. Specioza, mke wangu, amenifunga vifungo vya shati huku akiimba wimbo wa kwaya. Fundi redio wa Majengo nzima kuvalishwa shati! Jua limepanda kabisa ndipo nimeweza kushika bisibisi.

Nimekwenda duka la dawa. Bei imepanda! Nimemuuliza muuzaji kwa nini. Eti dawa zinakuja kwa treni. Nikamwambia hata mimi nilikuja Mpanda kwa treni, mbona sijapanda bei? Hakucheka.

Nikapitia hospitali kuuliza kama dozi inaweza kupunguzwa. Haipunguzwi. Kidonge kila siku, niumwe nisiumwe, maisha yote. Daktari ameeleza tena kwamba baridi yabisi hii yangu haitokani na baridi wala uzee. Askari wa mwili wameacha kulinda mipaka, wanashambulia viungo vyangu mwenyewe. Nikauliza nimewakosea nini. Hajui. Nikauliza kamanda wao ni nani. Akaita mgonjwa mwingine.

Nimewaza njia nzima. Askari akishapigwa leo, kesho si atakuwa amelala? Sasa kwa nini nitumie hela kumpiga aliyelala? Nitameza Jumatatu na Ijumaa tu, nione. Huu ni utafiti. Specioza asijue.

Alhamisi, 8 Juni
Utafiti unakwenda vizuri mno! Juzi sikumeza, jana sikumeza, leo sikumeza, na vidole vinacheza. Nimelehemu redio ya katekista bila kuungua hata mara moja. Daktari amesoma miaka yote ile na hakuligundua hili!

Specioza ameuliza mbona vidonge havipungui. Nimemwambia Mungu ni mwema. Amevihesabu tena, kisha akaenda kuchambua mchele.

Jumamosi, 10 Juni
Askari wameamka! Wote! Wameita na wa akiba! Kidonge cha jana hakikufua dafu. Magoti, viwiko, hata taya inauma nikitafuna. Nimeogopa, naandika ukweli. Mikono hii ikikataa moja kwa moja, sitakuwa fundi redio tena, nitabaki msikilizaji kama watu wengine. Tutakula nini?

Mchana amekuja Malale, mfugaji wa kijiji cha Kakese, kufuata redio yake. Chuma cha kulehemu kikaniponyoka, kikatoboa spika yake mbele ya macho yake. Mtu mwingine angenikunja shati. Lakini mimi Mfipa, yeye Msukuma, ni mtani wangu. Alicheka mpaka akakaa chini. Akauliza Mfipa asiyeweza kushika chuma anarushaje radi, maana Wafipa tunasingiziwa uchawi wa radi. Nikamjibu arudi nyumbani akaongee na ng'ombe, ndio wanaomwelewa. Maumivu yalipungua kidogo.

Aliondoka kwa kupitia uani. Nimemsikia akinong'ona na Specioza kwa muda mrefu. Wanazungumza nini hawa? Nadhani michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa. Specioza anaipenda sana.

Jioni nimepata wazo. Wazo kubwa! Mtani akichukua kitu cha mtani wake, mwenye kitu haruhusiwi kukasirika. Ndiyo mila. Na Malale ana mbuzi wengi hata wenyewe hawajuani. Mbuzi wa Malale anaweza kabisa kugeuka vidonge vyangu. Inakuwaje hakuna mgonjwa aliyewahi kufikiria hili?

Jumapili, 11 Juni
Baada ya misa nimedandia lori linalofuata mpunga Kakese. Nimemkuta beberu mnene kafungwa kamba nje kabisa ya zizi, kando ya barabara. Bahati ya namna gani hii! Nikashika kamba na kupaza sauti: mtani, nimechukua!

Malale akatoka na mama yake, bibi Nyanzala, na kundi la wajukuu. Wote wanapiga makofi! Lori liliporudi, Malale mwenyewe ndiye aliyenisaidia kumpakia beberu. Bibi akatutupia na majani, mnyama asishinde njaa njiani.

Nimejiuliza mpaka nimefika mjini. Mtu anachukuliwa mbuzi, anafurahia nini? Hatimaye nimeelewa. Wasukuma wanaheshimu mila kupita kiasi.

Jumatatu, 12 Juni
Beberu yuko kwa mchoma nyama wa Makanyagio, na mimi nina kopo zima la vidonge kwa bei ya jumla. Kopo! Muuzaji wa dawa ameniita bosi.

Nimemeza kimoja mbele ya Specioza, kwa madaha. Halafu nikawaza: sasa kwa kuwa ni vingi, si ndio wakati wa kurudia utafiti kwa umakini? Labda kosa lilikuwa ile Ijumaa. Labda Jumatatu peke yake inatosha. Nimegundua baadaye kwamba nilikuwa nawaza kwa sauti. Specioza alikuwa mlangoni.

Jumatano, 14 Juni
Nimeibiwa! Malale amekuja, amekula ugali wetu na samaki wetu, migebuka mizima, amenawa, amesimama, amechukua kopo kwenye rafu, akapaza sauti: mtani, nimechukua!

Nikafungua mdomo nimfokee. Nikakumbuka mila. Nikacheka. Tangu nizaliwe sijacheka kicheko kichungu kama kile. Na Specioza anapiga makofi!

Nimemfuata Malale barabarani, nachechemea. Nikamwambia kitu cha mtani hukombolewa, ataje anachotaka. Nilitegemea ataje mbuzi, na mbuzi ameshaliwa. Lakini hakutaka mbuzi wala kuku. Anataka kopo likae kwake. Kila Jumatano ataniletea vidonge vya wiki, na kila asubuhi Specioza atanitazama nikimeza. Nikiruka hata siku moja, wiki hiyo vidonge nitavifuata Kakese kwa miguu.

Nikauliza anajisumbulia nini. Hapo akaacha kucheka. Amesema marehemu baba yake alikuwa na mikono kama hii yangu. Alipoona ng'ombe wanauzwa kwa ajili ya dawa, akaanza kuruka vidonge kwa siri, ng'ombe wabaki. Ng'ombe walibaki. Yeye alifikia kunyweshwa uji na mtoto wake, na mtoto huyo ndiye Malale.

Kuhusu beberu, Specioza ndiye aliyemwambia siku ile uani kwamba naruka vidonge kwa sababu ya bei, na kwamba akinipa mbuzi mkononi nitakataa, nina majivuno. Basi wakaamua afungwe barabarani nijichukulie mwenyewe. Machozi yalinilengalenga, nikasingizia vumbi. Malale akasema ni kweli, vumbi la Mpanda ni baya. Nampenda mtani yule, ila nalisema hapa tu, kwenye daftari hili.

Jumatano, 12 Julai
Mikono hii! Asubuhi nimefunga vifungo vyote mwenyewe, mpaka cha shingoni. Nimemwekea Malale spika mpya bila kumtoza, akasema redio sasa inaongea kwa lafudhi ya Kifipa. Daktari amenibonyeza vidole kimoja kimoja akafurahi. Ameniuliza nimejifunza nini. Nimesema mengi sana.

Specioza ananisimamia kila asubuhi. Mwanzoni alikuwa ananiambia nifungue mdomo aone hadi chini ya ulimi. Leo hakuangalia. Ameanza kuniamini! Na hapo hapo wazo likaja lenyewe, sikuliita. Hivi nikibana kidonge shavuni, mara moja moja tu, itakuwaje? Baada ya muda ninalo kopo langu mwenyewe. Naliuza, nanunua mtamba. Mtamba anazaa, maziwa yanapatikana, na kwa hela ya maziwa nitanunua vidonge! Malale ana ng'ombe tangu azaliwe, na hajawahi kuliona hili.

Kidonge cha leo kimelowa mate kidogo. Nimekianika juu ya redio.