Akiba Iliyojijaza Yenyewe

Leo nimeaibika, wazee. Na si aibu ya kichochoroni ambayo mtu anaweza kuikana kesho. Nimeaibika ndani ya benki, foleni nzima ikitazama, mafuta ya zeituni yakinitiririka mpaka kwenye viwiko.

Asubuhi nilipotoka shifti ya usiku kiwandani, karani wa mishahara akaniita. "Wafula, benki imepiga simu. Umepitisha kiwango." Nikacheka. Mnaijua ile akiba yangu ya kununua nyumba, ile serikali imekubali isikatwe kodi mradi usiweke zaidi ya kiwango cha mwaka. Mimi nipitishe kiwango, na mshahara huu wa kuchemsha sabuni? (Hata nusu ya kiwango sijawahi kuifikia, labda ndotoni.) Nikajua wamenichanganya na Wafula mwingine, mwenye gari.

Nikaenda hivyo hivyo na ovaroli. Dirishani kuna dada mpole anaitwa Wambui. Akatazama faili, akanitazama mimi.

"Ni wewe, bwana Wafula. Pesa imezidi. Ikikaa hivyo mpaka mwaka uishe, akiba yote itakatwa kodi. Punguza kuweka."

"Dada, tangu Machi sijaweka hata shilingi."

"Basi kuna mtu anakuwekea. Kila mwisho wa mwezi. Alianza Aprili."

Hapo nikaanza kuhesabu miezi. Aprili ndio Nekesa wangu alianza kukohoa. Mtoto wangu wa kwanza, na ndiye pekee niliye naye. Nyinyi majirani mnakijua kikohozi chake, kikavu, kinaanza tukishazima taa. Hospitali tumeenda, dawa tumemaliza. Na habari zinazozunguka mji huu mnazisikia, za hao waabudu shetani: unapata pesa usiyoijua, unanyamaza, halafu kifungua mimba wako anaanza kuyeyuka polepole mpaka wanamchukua. Mimi nilikuwa nazicheka hizo habari. Leo sikucheka.

"Ni nani huyo?"

Wambui akainama karibu na kioo. "Ni mama mmoja. Koti refu jeusi, hata jua likiwaka. Kichwa amejifunga, unaona macho tu. Haongei. Anasukuma karatasi na noti, anaenda zake. Na zile noti..." Akajifuta vidole kwenye sketi. "Zinanuka damu."

Nikashika ukingo wa dirisha.

"Na kuna mbwa," akaendelea. "Wanamfuata mpaka mlangoni, wanakaa chini kumngoja. Hawabweki. Askari wetu siku hizi akimwona anajifanya anaenda msalani."

"Anakuja tena lini?"

"Mwisho wa mwezi, tukikaribia kufunga. Yaani leo."

Nikaenda mbio kwa Karanja hapa mtaani Jericho. Mnamjua, wiki nzima ni fundi viatu, Jumapili ni mhubiri. (Ndiye alikemea pepo kwenye cherehani ya Mama Njeri. Ilishona tena, ingawa ilianza kushona kinyumenyume.) Akanisikiliza na misumari mdomoni, kisha akaitema mmoja mmoja.

"Hayo ni malipo, Wafula. Wanamnunua mtoto kidogo kidogo. Lete mafuta ya zeituni. Huyo mama akifika tunampaka kichwani, tunamshikilia mpaka aseme ametumwa na nani."

Chupa safi nyumbani haikuwepo, isipokuwa ile ya dawa ya kikohozi ya Nekesa iliyokwisha. Nikaijaza mafuta. Mtoto alikuwa amelala kitandani kwetu, kifua kikipiga filimbi. Nikamwambia baba anaenda kuyamaliza haya maneno leo. Mke wangu Nafula alikuwa kazini, sikutaka kumtisha. (Kama ningemtisha kidogo tu, leo ningekuwa mtu mwenye heshima.)

Tukarudi benki, tukasimama nyuma ya nguzo. Watu wakapungua, wakabaki wachache kwenye foleni. Halafu stima ikapotea, kama kawaida yake mwaka huu, na ukumbi wote ukawa na giza la kijivu. Askari akasema anaenda msalani.

Harufu ndiyo ilitangulia. Damu, na kitu kama nywele zilizoungua. Nikatazama mlangoni nikaona mbwa watatu wameketi kwenye ngazi, kimya, ndimi nje. Mama akapita kando yao. Koti jeusi, kichwa kimefungwa, miguu haitoi sauti hata kidogo. Akaenda moja kwa moja kwa Wambui. Wambui alikuwa ameshaanza kulia.

Nikampa Karanja chupa. "Haya, mhubiri."

Karanja akanirudishia chupa. "Mtoto ni wako," akasema, akarudi nyuma ya nguzo.

Sijui nguvu nilitoa wapi. Niliogopa, wazee, lakini nilikisikia kile kifua cha Nekesa masikioni. Nikaruka. Nikamwaga chupa nzima juu ya kitambaa chake, nikamshika kichwa kwa mikono miwili, nikapaza sauti mpaka vioo vikatetemeka: "Mwachilie mtoto wangu! Taja aliyekutuma!"

Hakupiga kelele. Alisimama tu pale chini ya mikono yangu. Kisha akasema kwa upole, akimwambia Wambui:

"Mwambie mkwe wangu atoe mikono."

Jenereta ikaanguruma, taa zikawaka. Kitambaa kilikuwa kimeteleza. Mama yake Nafula. Mama mkwe wangu, anayeuza vichwa na miguu ya mbuzi soko la Kiamaiko.

Kwa wale wenzangu wa kutoka kwingine, niwaeleze. Kwetu mama mkwe hapewi hata mkono. Ukimwona mbele unavuka barabara. Hamkai chumba kimoja, hamsemeshani ana kwa ana, hampeani kitu mkono kwa mkono. Na mimi nilikuwa nimemkamata kichwa kama tikitimaji la soko la Burma, na kumkemea.

Nikageukia ukuta nikajifunika uso na ovaroli. Yeye akageukia ukuta wa pili. Wambui katikati, akipeleka maneno.

"Anasema angekupaje hiyo pesa, na kukupa mkononi ni mwiko? Akaona benki haina undugu na mtu."

"Muulize kwa nini amejificha."

"Anasema ungejua ni yake ungeikataa. Nafula ndiye alimpa namba ya akaunti, akaapishwa asiseme. Na koti ni la kazi, anatoka kuchoma vichwa."

Kisha nikauliza, kwa nini Aprili.

Safari hii Wambui alijifuta macho kwanza. "Anasema alikuja kumwona mjukuu wakati wa mvua, akaona maji yakishuka ukutani kando ya kitanda chake. Akasikia anavyokohoa. Anasema mtoto anataka nyumba kavu, na wewe peke yako utachelewa."

Nililia, wazee. Sitaficha. Nililia nimekumbatia ukuta wa benki, na Karanja kule nyuma ya nguzo akaanza kuimba pambio, sijui la nini.

Mwishowe Wambui akauliza, na ile pesa iliyozidi? Lazima itolewe.

Mama mkwe akajipangusa mafuta usoni. "Mwambie anunue mbuzi wa kunitakasa. Amenishika kichwa, mbuzi ni lazima. Na asije kumnunua Kiamaiko, tutakutana tena."

Basi mbuzi anachinjwa Jumapili hapa kwangu. Mama mkwe ataketi upande wa pili wa pazia, na Wambui amekubali kuja kuendelea kutafsiri. Nyote mmealikwa. Lakini mkinicheka, chekeni polepole: masikio ya yule mama ni makali, na supu anaigawa yeye.